Kumi na Wanne Niliowaandikia Ndiyo

Woolwich, London
2 Machi 2024

Shangazi Jokha,

Kabla hujasoma mstari wa pili nakuomba, kwa haki ya marehemu baba yangu Mbarouk ambaye ni kaka yako, neno lolote lililomo humu lisitoke nje ya macho yako. Usimsomee Bi Miza hata akikuuliza nani kaandika. Usilitaje kwenye simu, maana najua simu ya nyumba hiyo huwekwa barazani ikapiga kelele na kila apitaye akasikiliza. Kwenye kundi la wasap la ukoo usiligusie kabisa. Ndiyo sababu naandika kwa mkono, tena Kiswahili kwa herufi za Kiarabu bila irabu, kama ulivyonifundisha. Hapa nyumbani hakuna mwingine awezaye kukisoma. Mama amezoea msahafu wenye irabu tu, akiiona karatasi hii atadhani ni dua.

Shikamoo. Sisi wazima. Mama bado anaendelea na kazi yake ya kuwatunza wazee. Magoti yanamsumbua, na lifti ya jengo letu imekufa tena, kwa hiyo anapanda ghorofa sita huku akiwataja watu wa kaunsili, wenye jengo, mmoja mmoja. Mdogo wangu Zuwena ameng'oka meno mawili. Ukimwambia jambo kwa Kiswahili anajibu kwa Kiingereza, lakini juzi mama alipompa uji alisema "sitaki" kwa Kiswahili safi kabisa, tukacheka sote. Vipi nyonga ya Bi Miza? Ameanza kukanyaga?

Shangazi, jambo lenyewe ni hili. Wiki mbili baada ya wewe kuondoka kwenda kumuuguza Bi Miza, kamati ya chuo chetu cha Qur'ani ilipeleka fomu kwa wazazi. Wanataka darasa lako lifungwe. Watoto wote, wa Jumamosi na wa Jumapili, wasomeshwe dini kwa Kiingereza, kwa vitabu vipya vyenye picha na mitihani. Kiswahili hakitakuwepo. Kikao kimekwisha kufanyika na wazazi wengi wamekubali. Mwenyekiti, Bwana Soud, amesema usiambiwe mpaka utakaporudi Septemba, usije ukapandwa na presha ukiwa mbali.

Akijua nimekuandikia nitafukuzwa. Mimi ni karani tu, naandika ninachoambiwa. Lakini miaka ishirini na sita umefundisha katika ukumbi ule, na niliona haya ukae Wete unanunua juzuu za watoto ambao hawatakuwa wako tena.

Barua hii nampa mke wa Abdulwakil anayesafiri kesho. Ukijibu, tuma kwa mtu, uandike jina langu na anwani ya ofisi ya chuo. Bahasha zote nafungua mimi.

Mwanao,
Miska


Wete, Pemba
30 Machi 2024, mwezi 19 Ramadhani

Mwanangu Miska,

Marahaba, na Mungu akuweke. Barua yako imenifikia ndani ya kopo la maziwa ya unga, imekunjwa kama hirizi. Mke wa Abdulwakil hakuuliza kitu, ila alinitazama kama mtu aliyebeba bangi. Nimeisomea stoo, nyuma ya magunia ya mchele, kwa sababu nyumba hii mtu haachwi peke yake ila akiwa maiti.

Bi Miza anakanyaga. Amepewa gongo la kutembelea, na sasa anagombana nalo kutwa kwa kuwa marehemu mume wake hayupo. Anafunga nusu ya siku na anataka ahesabiwe siku nzima.

Hilo la darasa halitanipandisha presha, mwambie Bwana Soud asijisumbue. Au usimwambie. Mimi nimeona vyuo vikifa na vikizaliwa. Chuo nilichosoma mie kilikuwa ukumbi wa nyumba ya Maalim, jamvi moja, watoto arubaini. Tuliandika juu ya mbao zilizopakwa chokaa, tukaimba: alifu mtupu, bee moja chini, tee mbili juu. Tulimtekea Maalim maji, tukamkunia nazi. Nilihitimu Qur'ani nzima nikiwa na miaka kumi na moja, ikachinjwa mbuzi, na sikuwa najua maana ya mstari mmoja. Hiyo maana tulipewa kwa Kiswahili, jioni, tukiwa tunakuna nazi, kwa visa vya Maalim. Hiyo ndiyo sehemu niliyokuja nayo London. Nazi niliiacha.

Hapa sasa kuna madrasa yenye madawati, sare, kengele na vyeti. Mjukuu wa Bi Miza, Hafidh, anasomesha huko. Alisoma Malaysia miaka minne. Ananambia kwamba na Wamalei wazee wao waliandika lugha yao kwa herufi hizi hizi za msahafu, barua, hesabu, mashairi, na leo kijana wa huko anazisoma kwenye kibao cha mtaa lakini ukimpa barua ya babu yake anakurudishia. Skuli zao za dini nazo zimebadilika, hii imechukua Kiingereza, hii imechukua Kiarabu, na walimu wanagombana magazetini. Ati ananiliwaza: "Kwa hiyo, Bibi, si sisi peke yetu." Nikamwambia kifo cha wengi harusi, lakini maiti ni maiti.

Sasa na mimi nina swali. Umeandika wazazi wengi wamekubali. Wengi ni akina nani? Nitajie majina. Sitagombana na mtu, nimekwisha kuwa mzee wa kugombana. Nataka kujua tu, maana baadhi yao niliwasomesha wao wenyewe kabla ya watoto wao.

Shangazi yako,
Jokha


Woolwich
27 Aprili 2024

Shangazi,

Idi njema, ingawa imepita. Natumai mlikula vizuri. Sisi tuliswali uwanjani, mvua ikatukuta rakaa ya pili na hakuna aliyekatisha. Mama alipika biriani ya watu arubaini kwa jiko la watu wanne. Zuwena alivaa gauni ulilomshonea, limeanza kumbana kwapani.

Nimempa mchukuzi dawa zako za macho, mbili za asubuhi na moja ya usiku, na chokoleti za Bi Miza zisizo na sukari. Atalalamika kwamba hazina sukari.

Darasa litafungwa rasmi Jumamosi ijayo. Wiki hii niliambiwa nitoe vitu vyako kabatini. Vile vitabu ulivyovipiga chapa mwenyewe, mbao tatu za kuonyesha, na lile jamvi. Nickson, mtunzaji wa ukumbi, yule Mkenya wa Kisumu, alinisaidia kubeba maboksi.

Akaniuliza, "Dada, hizi ni za kutupa ama za kuweka?"

Nikasema, "Za kuweka."

"Sawa. Lakini za kuweka watu huweka juu. Wewe umeweka kando ya pipa."

Nikayainua mwenyewe nikayaweka juu. Akasema, "Usinikasirikie, nimeuliza tu."

Bwana Soud amenisifu mbele ya kamati kwa kazi ya fomu. Alisema, "Huyu msichana karatasi zake hazina doa." Wakanipigia makofi.

Kuhusu swali lako la majina, sijalisahau. Orodha imo katika kabati la ofisi na ufunguo anao Bwana Soud, na siku hizi hayupo sana. Nikiweza nitaitazama. Usinifikirie kwamba nakupuuza. Kazi ni nyingi mno, kuna fomu za usalama wa watoto na ukaguzi wa choo.

Nisamehe barua imekuwa fupi.

Miska


Wete
21 Mei 2024

Miska,

Sisi wazima. Bi Miza anafika mpaka jikoni. Chokoleti amelalamika.

Bwana Rajab wa Plumstead alinipigia simu juzi. Alikuwa na hasira kama mtu aliyeibiwa viatu msikitini. Ananiambia, "Bi Jokha, wamelifunga darasa lako na jina langu wamelitia katika waliokubali! Mtoto wa Mbarouk alinipigia, nikamwambia, haya, nyinyi ndio mnaojua. Sasa hapo nimekubali nini?" Nikamjibu sijui, nitauliza.

Ndiyo nauliza.

Mwaka juzi walikuja watu wa Luton kukuposa. Nilikuwepo. Mama yako akawapa chai na vileja, akawaambia tutaangalia, Mungu akijaalia, na akawafungia vileja vya njiani. Hawajavaa viatu walikwisha kujua kwamba wamekataliwa, na wewe uliyekuwa umejificha chumbani ukatoka unacheka. Hukumuuliza mama yako kama amekubali au amekataa. Ulijua.

Shangazi yako


Woolwich
22 Juni 2024

Shangazi,

Barua yako ilikwama Unguja na mchukuzi, nimeipata tarehe nane. Nimekaa nayo wiki mbili. Mama mzima, Zuwena mzima. Sina khabari nyingine za kutanguliza.

Ufunguo wa kabati ninao mimi. Siku zote ulikuwa kwangu.

Nitakueleza kama ilivyokuwa. Fomu ilikuwa ya Kiingereza kitupu, yenye visanduku viwili, ndiyo na hapana. Familia za chuo ni thelathini na moja. Kumi na mbili zikairudisha. Bwana Soud akaniita akasema, "Waliobaki wapigie simu, kikao ni Ijumaa." Nikawapigia kumi na tisa kwa jioni mbili. Watano walinijibu wazi, wanne ndiyo na mmoja hapana. Kumi na wanne hawakunijibu hivyo. Bwana Rajab unajua alichosema. Bi Mgeni wa Thamesmead alisema, "Mungu atajaalia, mwanangu, mama hajambo?" Nikamuuliza tena, naye akaniuliza tena hali ya mama. Mzee Khelef alisema nije siku moja nile samaki, tutazungumza. Mmoja alikohoa muda mrefu, kisha akasema basi lake limefika, na mimi nilikuwa naisikia televisheni yake.

Nilijua, Shangazi. Wasingeweza kumwambia hapana mtoto wa marehemu Mbarouk, kwenye simu, wakati kamati ndiyo inayosomesha watoto wao. Wakanipa adabu niliyofundishwa na wewe, na nikaielewa kila neno.

Nikampelekea Bwana Soud karatasi. "Hawa kumi na wanne niwaandike wapi?"

"Wamekataa?"

"Hawakusema hapana."

"Sasa kama hawakusema hapana?"

Akaniangalia juu ya miwani, akarudi kwenye kompyuta yake. Hakuniambia niandike ndiyo. Hilo ndilo linalonila, kwamba siwezi hata kusema niliamriwa. Nilirudi mezani nikavijaza visanduku mwenyewe, kimoja kimoja, kwa kalamu ya buluu. Ijumaa akasoma kwamba ishirini na saba wamekubali na wanne wamekataa. Mimi ndiye niliyeandika muhtasari.

Niliogopa. Ni kazi yangu ya kwanza. Nilimaliza chuo kikuu nikakaa miezi minane naomba kazi, na mama anapanda zile ngazi. Lakini woga si wote, na nikiishia hapo nitakuwa nimedanganya tena. Nilitaka darasa lako life. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili ulinifuata getini kwa skuli, umevaa baibui, ukaniita kwa sauti mbele ya watu: "Miska! Umesahau juzuu yako!" Wenzangu wakacheka, wakauliza ni nani yule. Nikasema simjui. Nilipokea juzuu nikasema asante kama mtu anayepokea kijikaratasi cha matangazo. Miaka yote nimekuwa hodari darasani kwako na nje nikaomba usinione. Nilipokuwa najaza vile visanduku nilikuwa naona lile geti.

Sijui kama ulisikia siku ile.

Usinipigie simu. Nimeona umepiga mara nne. Sina sauti.

Miska


Wete
20 Julai 2024

Miska,

Nilisikia. Kiingereza changu kidogo, lakini hicho kilinitosha.

Bi Miza ameanguka tena, si vibaya, ila daktari amesema asiachwe. Sitarudi Septemba. Pengine Novemba. Hafidh ameoa, mahari ilikuwa ndogo na kelele kubwa.

Barua yako nimekaa nayo wiki nzima bila kujibu. Nikataka kukuandikia maneno makali, nikayaandika, nikayachana. Kwa nini niliyachana, nitakwambia, na hili sijamwambia mtu.

Mzee Khelef ana mjukuu anaitwa Salha. Mwaka jana alikuwa na miaka minane, amehifadhi sura kumi na tatu, sauti kama kinanda. Siku moja akanyoosha mkono akaniuliza kwa Kiingereza, ile sura aliyoisoma inasema nini. Nikamweleza kwa Kiswahili. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tena kwa Kiingereza, maneno uliyosema yana maana gani? Nina miaka ishirini na sita London na sikuweza kumwambia mtoto mistari mitatu. Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nikasema mbele ya wote, "Lugha ya bibi yako imekushinda, utaiweza ya Mola wako?" Darasa zima likamcheka. Hakulia. Akafunga msahafu wake akauweka juu ya meza, taratibu. Hakurudi tena, na Mzee Khelef aliponiuliza nilimwambia mtoto ana kiburi. Nilimsingizia mtoto wa miaka minane ili nisionekane sijui.

Kwa hiyo usidhani kwamba nalililia darasa lisilo na kosa. Maalim wangu alitupa maana kwa lugha tuliyokuwa tunacheka na kulia kwayo. Mimi niliishika lugha nikamwachia mtoto maana imdondoke. Pengine Bwana Soud ana haki yake, na vitabu vyake vya picha.

Lakini yako haifutwi na yangu. Watu kumi na wanne wametiwa neno mdomoni. Sirudi kulipigania darasa, na wewe sikutumi kulipigania. Nakutuma kwao. Nenda mlangoni, si kwa simu. Uvue viatu, ukae, unywe watakachokupa, kisha umwambie kila mmoja: ulisema vile, nami niliandika hivi. Umuulize upya na usinyanyuke mpaka akwambie ndiyo au hapana. Wataona umekosa adabu. Stahimili. Halafu majibu yapeleke kwenye kamati kama yalivyo, hata yakiwa dhidi yangu.

Sijasema nimekusamehe, wala sijasema sikukusamehe. Ukimaliza uniandikie.

Jokha


Peckham
28 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mama anakusalimu, na safari hii anajua kwamba nakuandikia. Lifti imetengenezwa, mama hataki kuipanda, anasema imezoea kufa. Mwambie Bi Miza nimesikitika. Hafidh mpe hongera zangu.

Nimekwenda. Imenichukua wiki saba, kila siku baada ya kazi, kwa mabasi. Siku ya kwanza nilipita mlango wa Bwana Rajab mara tatu. Alipofungua alisema, "Aa, karibu karani wa serikali! Leo unaniandika nini, nimekufa?" Mke wake akamwambia, "Rajab, mtoto hata hajakaa." Nikakaa. Nikamwambia kama ulivyonituma. Kisha akasema, "Hapana. Andika hapana, na herufi uzikoleze." Aliniwekea sahani ya mihogo na akakaa mbele yangu mpaka nikaimaliza, kama adhabu.

Wengine walicheka. Wengine walinionea huruma, na hiyo ndiyo iliyonivunja zaidi. Yule wa televisheni alikohoa tena, nikamsubiri, akakohoa mpaka akachoka akasema hapana. Mmoja alihamia Leicester bila kuacha namba. Kwa Mzee Khelef alinifungulia Salha mwenyewe. Mzee akasema, "Mimi nilitaka Kiingereza, mwanangu, tangu mwanzo. Ila ningemwambiaje mtoto wa Mbarouk kwamba darasa la shangazi yake lifungwe?" Shangazi, kumbe adabu ile ile ilificha hata ndiyo. Sikuwa nimeliwaza hilo. Nilidhani nimewaelewa wote.

Ya Salha sikuigusa kwa Mzee. Hiyo ni yako.

Wa mwisho nilimwacha mama. Ndiyo, na yeye alikuwa katika wale kumi na wanne, sikuthubutu kukuandikia. Ile jioni ya simu nilimuuliza akiwa jikoni, akasema, "Nyinyi mliosoma ndio mnaojua," nikajaza kisanduku nikiwa nimesimama karibu na friji. Safari hii nilitoka nje ya mlango wetu nikabisha hodi. Akasema, "Una wazimu?" Nikamwambia nimetumwa na wifi yako nikuulize, na siondoki. Alikausha mikono muda mrefu. Akasema, "Nasoma Qur'ani miaka arubaini, Miska. Nasoma vizuri, wifi yangu ndiye aliyenisahihisha. Sijui nasoma nini. Zuwena najua atasoma vibaya kuliko mimi. Nataka ajue anasoma nini." Nikamuuliza, "Kwa hiyo?" Akasema, "Kwa hiyo ndiyo. Na umwandikie mwenyewe kwamba Zahra alisema ndiyo, nisije nikamwangalia usoni kwa uongo."

Nimeandika, kama alivyosema.

Hesabu ni hii. Katika wale kumi na wanne, tisa hapana, watatu ndiyo, mmoja Leicester, na mmoja sijampata. Ukijumlisha na wengine, waliokubali ni kumi na sita na waliokataa ni kumi na tatu. Darasa lako lingefungwa hata kama ningeandika kweli. Nimelala na hesabu hiyo siku nyingi nikitafuta namna ya kukuandikia, na sikuipata namna yoyote ila hii.

Niliisoma kwenye kamati tarehe kumi na nne. Nilipomaliza Bwana Soud akavua miwani. "Kumi na sita kwa kumi na tatu. Si imepita vile vile? Sasa unalia nini?"

Nikasema, "Tisa walikataa, nami niliwaandikia ndiyo."

"Lakini imepita."

"Imepita kwa uongo wangu, Bwana Soud. Na ulinisifu kwa huo."

Mtu mmoja akasema, "Taratibu, binti." Bwana Soud hakupaza sauti. Akasema karani anayebadilisha hesabu baada ya kikao si karani tena, ni fitina, na kwamba baba yangu angeona haya. Nikamwambia baba angeona haya mwezi wa pili. Nikaweka ufunguo mezani. Bwana Rajab, aliyekuja bila kualikwa, alisimama akaomba hao kumi na tatu wapewe japo saa moja Jumapili ya kusoma kwa Kiswahili. Kamati ikajibu itaangalia. Hakuna mtu ukumbini ambaye hakuelewa.

Kwa hiyo darasa halipo, na mimi sipo. Barabarani Woolwich kuna watu wananisalimu zaidi ya zamani na wengine wanavuka upande wa pili. Mama hajanilaumu, ila amehesabu ngazi kwa sauti siku nzima. Bado naona haya, Shangazi. Nilidhani nikishasema yatapungua. Yamebadilika tu. Zamani niliona haya ya kujulikana, sasa naona haya ya jambo lenyewe.

Nimepata kazi ya siku nne kwa Bi Vaileth, mama wa Kichaga anayesafirisha mizigo na mapipa kwenda Dar na Mombasa. Naandika majina ya watu juu ya mapipa. Kila jina namsomea mwenyewe mara mbili, mpaka Bi Vaileth anasema nitamfukuzia wateja.

Anwani ya ofisi ya chuo usiitumie tena, barua atafungua mwingine. Ukipata mtu wa kumpa, mwambie kutoka Woolwich apande basi la 177 mpaka mwisho, Peckham, atembee kuelekea stesheni. Duka liko kati ya saluni ya nywele na bucha, lina mapipa ya buluu mlangoni. Kengele haifanyi kazi, agonge dirisha. Amuulize Miska wa mizigo. Nipo Jumatatu mpaka Alhamisi, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Namba yangu ya simu ni ile ile, na ukipiga nitapokea. Ila Alhamisi baada ya kazi usipige, sitasikia. Saa hizo nakuwa Thamesmead, ghorofa ya tatu, mlangoni kwa Bi Mgeni, yule mmoja ambaye bado hajanijibu. Taa huwa inawaka ndani na viatu vyake viko nje. Nabisha hodi, nangoja nusu saa, narudi. Alhamisi ijayo nitakwenda tena.

Miska